Amri Isiyofika Miguuni

Mliorudi kutoka shambani, poleni na kazi. Mlio njiani na mifugo, fikeni salama. Na wewe mama unayesonga ugali huku redio iko juu ya kabati, endelea kusonga, maana leo huo ugali wenyewe tutaugusa.

Nimepata ujumbe wa simu kutoka Kenyamonta. Msikilizaji wetu anasema shangazi yake anatembea kwa fimbo mbili tangu alipokuwa msichana mdogo. Visigino havigusi ardhi, magoti yanagongana, miguu inapishana kama mkasi. Hospitali waliambiwa mishipa ya fahamu ilikufa. Nyumbani wapo wanaosema ni polio, wapo wanaosema alichezewa na watu. Msikilizaji anauliza: hiyo mishipa ya fahamu ni ipi, na inakufaje wakati mwenyewe yu hai, anacheka, anahesabu hela zake vizuri kuliko sisi sote?

Asante kwa swali. Kwanza tulitazame neno lenyewe, maana Kiswahili chetu kimelitwika mzigo mkubwa mno. Unaobeba damu ni mshipa. Mkano unaoshika msuli kwenye mfupa, nao tunauita mshipa. Mzee akishikwa na ngiri, tunasema ana mshipa. Ndiyo maana mtu akiambiwa mishipa ya fahamu imekufa, anautazama mkono wake, anaona mistari imetulia chini ya ngozi, anashangaa: mbona iko? Hiyo ni ya damu, ndugu yangu. Mshipa wa fahamu, au neva kama wanavyosema shuleni, haubebi damu. Unabeba habari.

Unataka kuiona neva kwa macho? Siku ng'ombe akichinjwa, sogea karibu. Mwombe mchinjaji alipasue paja la nyuma polepole, pale misuli inapoachana. Katikati utaona uzi mweupe, mnene kuliko penseli, unang'aa kidogo, na ukiuvuta haukatiki upesi. Mwambie aufuate kwa kisu kwenda juu. Unapita kwenye nyonga, unaingia mgongoni. Ndani ya pingili za mgongo kuna kamba nyeupe, laini kama samli iliyoganda. Wataalamu wanaiita ugwe mgongo. Sisi wengine tunaiita uti wa mgongo, ingawa uti hasa ni ule mfupa unaoifunika. Ifuate kamba hiyo mpaka kichwani, utaikuta imeingia kwenye fuvu na kuungana na ubongo. Basi, umeuona mfumo mzima kwa kisu kimoja. Na wewe uliyekaa hapo na redio yako umeumbwa hivyo hivyo.

Sasa, mfumo huu umepangwaje? Fikiria tunavyotawaliwa. Kuna Dodoma makao makuu, kuna ofisi ya kata, kuna kitongoji. Ubongo ndio Dodoma. Ugwe mgongo ni barabara kuu itokayo Dodoma, na kandokando yake kuna ofisi za kata, moja kwa kila sehemu ya mwili: ya mikono huku juu, ya miguu kule chini kiunoni. Vyote hivyo, ubongo na ugwe, vimefungiwa ndani ya mfupa, na kwa pamoja vinaitwa mfumo wa kati. Nyuzi zinazotoka hapo kwenda mikononi, miguuni, usoni na tumboni ndizo mfumo wa pembeni. Nyingine hupeleka amri kwenye misuli, nyingine huleta taarifa: hapa pana moto, hapa pana mwiba.

Je, kila jambo lazima lifike Dodoma kwanza? Hapana. Ukishika sufuria ya moto, mkono unaruka kabla hujasema "ai!" Ofisi ya kata imeamua yenyewe, taarifa imekwenda makao makuu baadaye. Umewahi kujikwaa kidole kwenye jiwe? Kuna ile nukta ndogo unapojua kabisa umejikwaa, maumivu yenyewe bado. Kisha ndiyo yanakuja, yanaunguza, unachuchumaa. Ni kwa sababu nyuzi hazina mwendo mmoja. Zilizovikwa ala ya mafuta hupeleka habari mbio sana, zile nene zaidi hufikia kama mita 100 kwa sekunde. Nyembamba zisizo na ala, zinazoleta yale maumivu ya kuunguza, hutembea kama mtu anayekwenda sokoni bila haraka, mita moja hivi kwa sekunde.

Na kuna upande ambao hauutawali wewe hata kidogo. Nyie mnaolala kwenye vibanda kulinda mahindi mnaujua. Saa nane usiku unasikia mabua yanavunjika: tembo. Hujaamua lolote, lakini moyo unapiga, mdomo umekauka, jasho linatoka kwenye viganja, macho yamepanuka. Chakula tumboni kimesimama, maana huu si wakati wake. Hizo ni neva zinazojiendesha zenyewe. Tembo wakiondoka, kundi jingine la neva linapokea zamu, moyo unashuka, tumbo linaanza kunguruma tena. Kama tungelazimika kuuamuru moyo kila pigo, nani angethubutu kulala?

Haya. Sasa tuingie ndani ya uzi wenyewe, kwenye seli, kwa sababu ugonjwa wa shangazi ulianzia huko. Uzi ule wa kwenye paja si kitu kimoja. Ni maelfu kwa maelfu ya nyuzi ndogo zisizoonekana kwa macho, na kila moja ni mkia wa seli moja. Seli ya neva, neuroni, ina kichwa chenye matawi kama mzizi wa mtama, matawi ya kupokea habari. Kisha ina mkia mmoja mrefu wa kupeleka. Mrefu kiasi gani? Ile inayokunjua kidole gumba cha mguu wako, kichwa chake kiko mgongoni na mkia wake unashuka mpaka kwenye misuli ya mguu, karibu mita nzima kwa mtu mrefu. Seli moja hiyo! Ndani ya mkia umeme mdogo unakimbia. Ukifika mwisho unakuta mwanya, seli ya pili haijagusana na ya kwanza. Hapo inamwagwa kemikali kidogo, inavuka mwanya, inaiamsha seli ya pili. Hivyo hivyo mpaka kwenye msuli.

Jambo la mwanya huu liliwagombanisha wakubwa. Camillo Golgi wa Italia, aliyegundua mwaka 1873 namna ya kuzitia seli hizi rangi kwa madini ya fedha, aliamini zote zimeungana kama wavu mmoja. Santiago Ramón y Cajal wa Hispania alitumia rangi ile ile ya Golgi, akachungulia, akachora kwa mkono wake, akasema la, kila seli imesimama peke yake. Mwaka 1906 wakapewa Tuzo ya Nobel pamoja, na Golgi katika hotuba yake bado akawa anautetea wavu wake. Cajal ndiye aliyekuwa sahihi.

Neuroni hazikai peke yake. Zina wahudumu: seli zinazozivika ile ala ya mafuta, seli zinazozilisha na kusafisha mazingira, nyingine ni askari wa kula uchafu na vijidudu. Bila wahudumu hawa neuroni haziishi. Lakini nataka ushike jambo moja la neuroni: seli hizi hazizaliwi upya kama ngozi. Ukikatwa na panga mkononi, mkia wa neva unaweza kuota tena taratibu, kama milimita moja kwa siku, mradi kichwa cha seli kiko salama. Ndani ya ubongo na ugwe mgongo mambo ni mengine. Kule kilichokufa, kwa sehemu kubwa, kimekwenda.

Turudi kwa shangazi. Msikilizaji hakusema alizaliwa mwaka gani. Lakini mwaka 1985 hapa hapa kwetu, katika Wilaya ya Tarime ya wakati ule, kabla wilaya ya Rorya haijamegwa kutoka humo, kulikuwa na ukame. Watu wazima na watoto walianza kulemaa miguu ghafla. Mtu amelala mzima, anaamka miguu imekakamaa. Mwingine ametembea safari ndefu, amefika, hawezi kuinuka tena. Madaktari na watafiti walikuja kuchunguza. Walikuwamo William Howlett, George Brubaker, Nicholas Mlingi wa Taasisi ya Chakula na Lishe, na Hans Rosling wa Sweden, yule aliyekuja kujulikana duniani baadaye kwa kueleza takwimu jukwaani. Mwaka 1990 walichapisha walichokiona. Ugonjwa ulikuwa na jina tayari: konzo. Neno hilo ni la Wayaka wa Kongo, lenye maana ya miguu iliyofungwa, na daktari Trolli aliuandika huko tangu mwaka 1938. Wamakua wa Nampula, Msumbiji, waliupata kwa wingi mwaka 1981, wakauita mantakassa.

Chanzo chake nini? Muhogo mchungu ulioliwa kabla haujatayarishwa vya kutosha, tena ukiliwa peke yake wiki baada ya wiki. Ndani ya muhogo mchungu kuna kitu kinachozaa sianidi, sumu. Wafugaji mnaijua sumu hiyo kwa njia nyingine: ng'ombe akiingia kwenye mtama mchanga uliochipua baada ya ukame, anakula kidogo tu, anaanguka. Ni jamaa ile ile. Ukame unaiongeza sumu kwenye muhogo. Na ukame huo huo unaleta njaa, njaa inaleta haraka. Bibi aliyejua kuloweka siku tatu, kuvundika, kuanika mpaka udaga, ule muhogo mkavu, ukakatika kwa mlio, leo watoto wanalia, anaponda na kuanika na kupika siku hiyo hiyo. Nani atamlaumu?

Mwili una uwezo wa kuibadili sianidi iwe kitu kisicho na madhara makubwa, lakini kazi hiyo inahitaji salfa, na salfa inatoka kwenye protini: maharage, dagaa, maziwa, nyama. Mwaka wa njaa hivyo vyote havipo. Sumu nyingi, dawa yake haba. Wanaoumia zaidi ni watoto waliokwisha acha kunyonya na akina mama wenye umri wa kuzaa.

Sasa sikiliza kwa makini, hapa ndipo mpango wa neva unapojieleza. Amri ya kutembea hupita kwa seli mbili. Ya kwanza kichwa chake kiko ubongoni na mkia unashuka ndani ya ugwe: kutoka Dodoma hadi ofisi ya kata. Ya pili inatoka ofisi ya kata hadi kwenye msuli. Konzo huharibu ile ya kwanza. Polio huua ile ya pili. Basi tazama tofauti. Mguu wa polio umelegea, mwembamba, unaning'inia, maana hakuna tena mtu wa kuuamuru msuli, na msuli usioamriwa hunyauka. Mguu wa konzo ni mgumu kama mpini. Kwa nini ugumu, ikiwa amri imepungua? Kwa sababu Dodoma haikuwa inatuma amri za "fanya" peke yake. Muda wote ilikuwa inatuma pia "taratibu, punguza." Njia ikikatika, ofisi ya kata inabaki na madaraka bila msimamizi, na kila kitu kidogo inakijibu kwa nguvu. Gonga goti la mtu wa konzo kwa nyundo ndogo ya daktari, mguu unaruka juu. Shika unyayo wake uusukume ghafla, unatetemeka wenyewe. Misuli iko, adabu ndiyo imekwenda.

Na akili? Iko palepale. Hisia za ngozi ziko, haja anazizuia kama kawaida. Konzo imechagua njia za aina moja kati ya njia zote, hasa ile ndefu ya amri za miguu. Ndiyo maana msikilizaji anaona shangazi anahesabu hela vizuri. Sijamwona shangazi, na daktari ndiye wa kusema. Lakini mguu mgumu, uliokakamaa ghafla utotoni, kisha ukabaki vilevile miaka yote bila kuzidi, si wa polio. Uchawi sitauzungumzia, dakika zangu ni chache.

Mama wa ugali, uko? Kuna njia nyepesi iliyobuniwa na Howard Bradbury wa Australia kwa unga wa muhogo mchungu, na ilifundishwa huku kwetu Tanzania pia. Tia unga mkavu kwenye beseni, usawazishe, weka alama ndani ya beseni pale unga ulipofikia. Mimina maji huku unakoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda tena. Ukifika kwenye alama, acha maji. Utandaze kwenye mkeka, tabaka jembamba, lisizidi unene wa kidole. Juani kwa muda wa saa mbili, kivulini kwa muda wa saa tano. Sumu inaondoka kama hewa. Unga huo upike siku hiyo hiyo. Narudia: lowanisha, tandaza, saa mbili juani au saa tano kivulini, pika leo leo. Na kwenye ugali pawepo maharage au dagaa, hata kidogo.

Hiyo ilikuwa habari ya amri inayoshindwa kushuka. Kabla sijaaga, kuna msafiri anayepanda, naye wilaya ya Serengeti inamfahamu vizuri mno. Kirusi cha kichaa cha mbwa. Mbwa akiuma mguu, kirusi hakipandi kwa damu. Kinaingia kwenye ncha ya neva pale kwenye msuli, kinasafiri ndani ya ule mkia mrefu wa seli kuelekea mgongoni, kinyume na njia ya amri. Ni safari ya wiki kadhaa, mara nyingi mwezi mmoja hadi mitatu. Aliyeumwa anapona kidonda, anasahau, anakwenda minadani. Kirusi kikifika ubongoni, maji yanamtisha, na hapo karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa usoni ana muda mfupi zaidi, maana njia ni fupi.

Umeona sasa? Muda wote kirusi kiko njiani, mlango uko wazi. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15. Si majivu, si mafuta ya taa, si tumbaku. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upate chanjo, hata kama ni kijeraha cha mtoto kilichokwaruzwa na jino tu.

Na mbwa wenyewe? Kati ya mwaka 1996 na 2001 mbwa wa wilaya ya Serengeti walichanjwa kwa kampeni, upande wa Musoma hawakuchanjwa. Serengeti kichaa kilishuka sana miongoni mwa mbwa, na watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa wakapungua. Chanjo zile zilipewa msukumo pia na simba. Mwaka 1994 ugonjwa wa mbwa uitwao distempa uliingia hifadhini, ukawatia simba degedege, ukaua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Ubongo wa simba umejengwa kwa seli zile zile, na wao wangechanjwa na nani?

Kwa hiyo msikilizaji wa Kenyamonta, mpeleke shangazi akaonwe tena, uulize kuhusu mazoezi ya viungo. Waeleze nyumbani kwamba konzo haiambukizi na haiongezeki, asitengewe kikombe wala kiti. Na nyie nyote wenye mbwa: gari la chanjo likitangazwa kijijini, mfungeni kamba mje naye, hata yule mkali wa kulinda ng'ombe, hasa yule.